Kioo cha mbele cha pikipiki: kwa nini nimebaki na polikaboneti

Kwa pikipiki inayoshinda barabarani kati ya Changamwe na Mazeras nyuma ya malori, kioo ninachokipendekeza ni cha polikaboneti, aina ya plastiki angavu, unene wa milimita 3, chenye tabaka gumu la kinga pande zote mbili. Nimetumia na cha akriliki pia, plastiki nyingine angavu, kile ambacho mafundi wengi hukiita Perspex hata kikiwa cha kampuni nyingine, na sikidharau. Ni kiangavu, hakikwaruziki ovyo, na jua halikigeuzi manjano upesi.

Ubaya wake ni kokoto. Jiwe likirushwa na tairi la lori, akriliki hupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo vinamjia mwendeshaji kifuani na usoni. Polikaboneti hupokea pigo hilohilo ikabaki na alama tu. Kwangu mimi hapo mjadala umekwisha.

Lakini usinunue polikaboneti tupu. Uso wake ni laini, kitambaa kikavu chenye vumbi kinatosha kuukwaruza, na bila kinga ya miale ya jua hugeuka manjano kisha ikafifia, hasa kwa jua letu la Pwani. Dukani, omba kipande kilichobaki baada ya kukata, ukikunje kwa koleo. Akriliki itakatika kwa mlio. Polikaboneti itapinda bila kuvunjika.

Vioo vingi huharibikia kwenye matundu ya bolti. Plastiki hizi hutanuka sana kwa joto: kioo cha nusu mita huongezeka kama milimita moja joto likipanda nyuzi 30. Bolti ikilijaza tundu, kioo hakina pa kwenda. Kwa bolti ya M5, yaani ya unene wa milimita 5, toboa tundu la milimita 7, polepole, ukiwa umeweka ubao chini, kisha lainisha ukingo kwa msasa mwembamba kwa sababu ufa huanzia penye mkwaruzo. Weka washa za mpira mbele na nyuma, na ukaze mpaka mpira uanze kubonyea, basi. Fundi anayekaza kwa nguvu zake zote anakuachia mistari midogo inayong'aa kuzunguka tundu, na siku moja kwenye matuta kioo kinachanika kutoka hapo.

Gundi ya kuzuia nati isilegee usiipake karibu na kioo. Dawa yake huila plastiki, ufa ukatokea hata kama hukukaza kupita kiasi. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukilipata, maana la 304 huanza kutoa madoa ya kahawia kwa hewa hii ya chumvi.

Usafi ndio unaoamua kioo kitadumu kiasi gani. Mwagia maji mengi kwanza ili chumvi na mchanga viondoke, halafu osha kwa sabuni ya vyombo na kitambaa laini kilicholowa. Wadudu waliokauka wafunike kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kumi, watatoka bila kusuguliwa. Petroli, tina ya rangi, oili ya breki na dawa za vioo vya nyumba zenye amonia zisikiguse kabisa. Pale pa kuoshea pikipiki mwambie kijana mapema, kwa sababu wengine hufuta lami kwa petroli bila kuuliza. Dawa ya meno husaidia kung'arisha akriliki iliyokwaruzika, ila kwenye polikaboneti inakwangua ile kinga uliyoilipia.

Kuhusu urefu: ukikaa kawaida, ukingo wa juu uishie usawa wa pua, ili uangalie juu yake na si kupitia ndani yake. Usiku wa mvua pale Makupa, taa za magari yanayokuja hutawanyika kwenye matone, na ukilazimika kutazama kupitia kioo huoni shimo wala mtu anayevuka.