Bao la mfenesi: uzoefu wangu na watoto watatu ndani ya nyumba

Masika yaliyopita mvua ilitufungia ndani karibu siku tisa mfululizo. Uchochoro wetu hapa Jang'ombe, mjini Unguja, ulijaa maji, skuli watoto hawakwenda, chuoni kusoma Kurani hawakwenda. Nami ninao watatu: wa kike ana miaka 9, wa kiume 7, na mdogo miaka miwili na nusu. Simu yangu ikawa inatoka mkono huu inaingia mkono ule, kila mmoja anataka katuni yake, na ugomvi wa simu ukanichosha kuliko mvua. Siku ya nne umeme nao ukakatika. Simu ilipozima, wa kiume alilia kama aliyefiwa.

Baba yangu ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, wanunulie bao."

Mlio wa kete za bao, zile mbegu zinazotiwa kwenye mashimo ya ubao, nimekua nao. Ile miezi 3 Unguja nzima ilipokuwa gizani bila umeme, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, baba na wenziwe walikuwa wakicheza barazani kwa chemli mpaka usiku mwingi, nami nikilala huku nawasikia. Lakini mwenyewe sikuwahi kulikalia. Kwetu bao lilihesabiwa kuwa jambo la wanaume, na sasa najua nilinyimwa kitu kizuri.

Bao la kwanza nililonunua lilikuwa hasara. Nililipata kwenye duka la vitu vya watalii, limepakwa vanishi linang'ara, nikatoa shilingi 60,000. Mashimo yake yalikuwa ya juu juu kama visahani, ukitia kete nne ya tano inarukia sakafuni. Nyumba, lile shimo kuu la mraba, haikuchongwa kabisa, mashimo yote ya duara. Kete nazo tulipozihesabu zilikuwa 57 badala ya 64. Baba alilipindua, akapitisha kidole kwenye mashimo, akasema, "Hili la kutundika ukutani." Tukalirudisha, fedha hatukurejeshewa.

La pili nilichongewa na fundi seremala wa mtaani, kwa mti wa mfenesi, shilingi 45,000, wiki moja likawa tayari. Hili ndilo ninalolisifu. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kila upande nyumba yake ya mraba inayojionyesha hata kwa mtoto. Mashimo ni ya kina, mkono wa mtoto unaingia na kuchota kete zote kwa mara moja. Kete ni komwe hasa, mbegu za mkomwe, 64 kamili, za kijivu, ngumu na nyororo. Ukizichota zinakaa kiganjani vizuri, na zikianguka shimoni zina mlio mzito ambao za plastiki hazina.

Babu yao alianza kuwafundisha bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, basi, mnacheza. Anayetaka kununua namsihi aanzie hapo hapo. Bao la Kiswahili lenyewe unalianza na kete 6 kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 unabaki nazo mkononi za kunamua, yaani kuzitia moja moja kila zamu yako; mtoto ukimwanzishia hilo siku ya kwanza atalikimbia. Binti yangu alilipata baada ya mwezi. Wa kiume bado yuko kwenye la kujifunza, na anafurahi nalo.

Hesabu ndiyo iliyonishangaza. Jioni moja binti alikuwa na babu yake, zamu yake. Mbele yake shimo lina kete saba. Hakuzigusa, kwa sababu babu ana sheria yake: ukigusa umecheza. Niliona midomo yake inacheza bila sauti, macho yanapita shimo hadi shimo, yanafika kwenye kichwa, shimo la mwisho la safu, yanakunja na kurudi kwa safu ya nyuma, yanasimama. Akarudi akajaribu shimo jingine lenye nne. Kimya. Kisha akasema, "Babu, nakula tano." Akachota, akatawanya, kete ya mwisho ikaangukia pale pale alipopataka, na mbele yake kwa babu zilikuwepo tano. Mtoto huyu skuli mwalimu alikuwa akinilalamikia kwamba kutoa anahesabia vidole.

Siku hizi mchezo ukiisha nawauliza, mmoja ana 38, mwenziwe anazo ngapi? Wa kiume alikuwa akizihesabu moja moja. Sasa anajibu 26 na kete hajaziangalia, kwa kuwa anajua zote ni 64.

Jambo jingine: katuni humnyamazisha mtoto peke yake, bao linataka mtu wa kukaa naye. Wanangu walikuwa hawasubiriani kwa lolote. Katika bao mwenzako akitembeza kete huna la kufanya ila kutazama anakokwenda, maana ukizubaa utaliwa.

Kasoro zipo, nami sizifichi. Wiki mbili za mwanzo lazima mtu mzima akae nao, vinginevyo wanageuza kete kuwa gololi. Wanacheza wawili tu, wa tatu anasubiri. Unyevu wa masika ulileta ukungu kwenye mashimo ya pembeni. Nililifuta kwa kitambaa kikavu nikalianika jua lilipotoka, halikupasuka.

Na kubwa kuliko yote ni mtoto mdogo. Komwe ina ukubwa wa gololi na inateleza, ikiingia kooni ni msiba. Usiku mmoja tulihesabu tukapata 63. Tulipekua mkeka, chini ya kabati, viatuni. Nilimkuta mdogo amelala, nikamfungua ngumi, ndimo ilimokuwa. Mikono yangu ilitetemeka muda mrefu. Tangu siku ile kete zinakaa kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko kigumu, juu ya kabati, na hakuna anayelala kabla hazijahesabiwa 64. Mwenye mtoto wa umri huo nyumbani na hana pa kuzifungia, nampa ushauri wa mama kwa mama: angoje mwaka mmoja au miwili ndipo anunue.