Kubadilisha nyimbo ziwe MP3: ulipie nini, usilipie nini

Sabufa zinazouzwa Mwanjelwa kule Mbeya au Iringa mjini karibu zote zina tundu la USB na la memori kadi, na karibu zote zinasoma MP3. Baadhi zinasoma WAV na WMA pia. FLAC, M4A na Opus, ambazo ni aina nyingine za faili za sauti, ni bahati nasibu: wimbo unarukwa kimyakimya, au sabufa inaganda hadi uchomoe flashi. Redio za Coaster na Noah nyingi ni hivyo hivyo. Kubadilisha jina la faili kutoka .m4a kuwa .mp3 hakusaidii kitu, maana kilichomo ndani kimebaki kilekile.

Swali ni utumie njia gani. Tumezipanga kuanzia tunayoipendekeza zaidi, na tuseme mapema kwamba programu ya bure inatosha. Pesa uliyotenga iweke kwenye flashi.

1. fre:ac. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ina toleo lisilohitaji kusakinishwa: unalibeba kwenye flashi na kulifungua kwenye kompyuta yoyote. Bando linatumika mara moja tu, siku ya kuipakua. Buruta folda nzima ndani yake, chagua LAME kama kisimbaji (kifaa cha ndani kinachotengeneza MP3), weka kbps 192 isiyobadilika (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde ya wimbo), kisha angalia folda ya kupokea faili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Wengi husahau hiyo hatua ya mwisho, halafu wanazitafuta nyimbo zao kompyuta nzima. Inabadilisha faili kadhaa kwa wakati mmoja na majina ya wasanii yanahama pamoja na wimbo.

2. ffmpeg. Haina madirisha wala vitufe, unaandika amri. Wenye mkusanyiko mkubwa ndio wataipenda. Kwa wimbo mmoja:

ffmpeg -i "wimbo.flac" -vn -c:a libmp3lame -b:a 192k -ar 44100 -id3v2_version 3 "wimbo.mp3"

Hiyo -vn inaondoa picha ya kava. Kava la pikseli 3000 kwa 3000 ni sababu mojawapo ya sabufa za bei nafuu kuganda. Namba 3 iliyo baada ya -id3v2_version ni toleo la lebo za wimbo ambalo redio za zamani zinalielewa. Ukiweka toleo la 4, nyingine zinaonyesha jina la msanii kama alama za ajabu.

Amri hiyohiyo ndiyo mkombozi wa VCD za kwaya, ambazo nyumba nyingi za huku bado wanazo kabatini. Fungua folda ya MPEGAV kwenye diski, nakili AVSEQ01.DAT na wenzake kwenye kompyuta kwanza, kisha weka jina la faili hilo mahali pa wimbo.flac. Sauti ya VCD ni MP2 (muundo mwingine wa sauti) ya kbps 224, kwa hiyo hapa badala ya 192k panda hadi 224k au 256k ili usiikwangue zaidi. Diski ikiwa na mikwaruzo, kunakili kutakwama mahali palepale kila mara; ioshe kwa maji na sabuni laini, ifute kutoka katikati kwenda nje, ujaribu tena.

3. foobar2000. Kwenye Windows ni kichezeo kizuri sana, na kubadilisha kunawezekana, ila visimbaji vinapakuliwa peke yake. Ukiwa tayari unaitumia kusikiliza, huna haja ya kuhama.

4. dBpoweramp. Hii ni ya kulipia, na ina siku 21 za majaribio. Nguvu yake kubwa ni kunyonya CD, yaani kutoa nyimbo kwenye diski na kuziweka kwenye kompyuta, na kulinganisha matokeo na ya watu wengine duniani. CD ya kwaya iliyochomwa nakala chache mjini ni nadra kuwemo kwenye orodha hiyo, sasa unalipia nini?

5. Tovuti za kubadilisha. Wimbo wa dakika 4 wa FLAC ni kama MB 25. Nyimbo 100 ni GB 2.5 za kupandisha, na karibu MB 600 za kushusha. Kwa bando la simu hiyo ni hasara tupu. Zitumie kwa faili moja la dharura.

6. Kibanda cha kuingiza nyimbo. Haraka, lakini utapewa nyimbo zao, na mara nyingi na kirusi kinachogeuza folda zako kuwa njia za mkato.

Kuhusu ukubwa: kbps 128 ni kama MB 1 kwa dakika, 192 ni MB 1.4, 320 ni MB 2.4. Nyimbo 1,000 za dakika 4 kwa 192 zinakula GB 5.8, yaani flashi ya GB 8 inatosha. Mahubiri yaweke mono (sauti ya njia moja badala ya stereo) ya kbps 64. Saa nzima ni MB 29. Usichukue MP3 ya 128 ukaipandisha 320. Kilichokatwa hakirudi, unanenepesha faili tu. Ukiwa na FLAC, usizifute baada ya kubadilisha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili la mwisho linabaki nusu. Lifute kabla ya kuendelea, la sivyo programu inaweza kuliona lipo na kulipita, na wimbo utakatika kwenye beti la pili.

Sasa flashi. Nunua GB 16 au 32. Inayodai TB 2 kwa bei ya kutupa ni ya kughushi: inapokea nyimbo zote, halafu za mwisho hazifunguki. Ijaribu kwa H2testw, programu ya Windows ambayo inaijaza na kuisoma upya, na ufanye hivyo risiti ikiwa bado mfukoni. Ifomati kwa mfumo wa FAT32; flashi zenye mifumo ya NTFS na exFAT sabufa nyingi hazizioni. Na kama nyimbo zinacheza ovyo hata baada ya kuzipa namba 01, 02, 03, sabufa yako inafuata mpangilio ulionakilia, haisomi majina. Futa zote, nakili upya moja baada ya nyingine kwa mfuatano unaoutaka.