Kamera ya gari: ulizia sensa kabla ya ukali wa picha

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya picha. Ilikuwa safi ajabu, namba za gari la mbele unazisoma vizuri kabisa. Kisha usiku mmoja nikapaki, asubuhi nikakuta bampa la nyuma limebonyea na kwenye kadi hakuna hata sekunde moja ya tukio. Sensa, yaani kile kihisio kinachoiamsha kamera, ilikuwa imewekwa kiwango cha chini mno cha kuhisi, mgongano ule haukutosha kuiamsha. Tangu hapo swali langu la kwanza ni hili: kamera hii inaamshwa na nini?

Nazipanga sensa hapa kwa kazi moja tu, kulinda gari lililopaki, nikianza na ile ambayo ningeilipia leo.

1. Rada. Hurusha mawimbi ya redio na kupokea yanayorudi. Kitu kikisogea, mawimbi hurudi yakiwa yamebadilika. Yanapenya kioo na plastiki, kwa hiyo kamera iliyobandikwa ndani ya kioo cha mbele inamhisi aliye nje. Kamera yenyewe inalala, rada tu ndiyo inakesha, na umeme inaokula ni mdogo. Mtu akisogea karibu, kurekodi kunaanza kabla hajagusa gari. Hakikisha umbali wake unaweza kupunguzwa, la sivyo ukipaki kando ya njia kila mpita njia ataiamsha. Bei iko juu, ila mimi naona inastahili.

2. Mabadiliko ya picha, pamoja na sensa ya mtikisiko. Programu inalinganisha picha moja na inayofuata. Kwa kuwa kamera iko macho muda wote, zilizo nzuri huhifadhi na sekunde chache za kabla ya tukio, na hizo ndizo zinazoonyesha aliyekugonga alitokea wapi. Muulize muuzaji kuhusu sekunde hizo, usikubali jibu la juu juu. Kasoro zake: inakula betri, na inadanganywa na tawi linaloyumba, matone ya mvua au taa za gari linalopita.

3. Sensa ya mtikisiko peke yake. Hii imo karibu katika kila kamera, na ni ya familia moja na ile inayogeuza skrini ya simu ukiilaza. Ndani ya chipu kuna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi. Gari likisukumwa, kipande kinabaki nyuma kidogo, na kusogea huko ndiko kunakopimwa, kwa pande tatu. Kipimo ni g, ambapo 1 g ni nguvu ya mvuto wa dunia.

Barabarani inafanya kazi kubwa: ajali ikitokea, inafunga faili isifutwe na rekodi mpya kadi inapojaa. Lakini ukipandisha sana kiwango chake cha kuhisi, kila tuta na kila shimo linafunga faili, na kadi ikishajaa faili zilizofungwa, nafasi ya kurekodi inaisha. Baada ya wiki ya kwanza fungua folda ya matukio. Ukikuta klipu za matuta matupu, shusha kiwango. Kwa gari lililopaki fanya kinyume, pandisha. Ndiyo maana sinunui kamera isiyotenganisha mipangilio hiyo miwili. Hata hivyo, mtu akikwaruza rangi kwa ufunguo gari halitikisiki, na sensa hii haitajua kitu.

4. Sensa ya joto, ile inayoandikwa PIR. Kwa taa ya uani au kengele ya mlangoni ningeiweka ya kwanza: ni rahisi na betri yake inadumu. Inasoma joto la mwili linapokatiza mbele yake, na hulegea hewa ikiwa na joto linalokaribia la mwili. Ndani ya gari haifai, kwa sababu kioo huzuia mionzi hiyo ya joto. Jaribu mwenyewe: shika kipande cha kioo mbele ya taa yenye sensa hiyo, kisha pungia mkono nyuma ya kioo. Taa haitawaka.

Sensa yoyote utakayochukua, nunua pamoja na waya wa kuunganisha kwenye fyuzi wenye kikata umeme betri ikishuka. Betri ya volti 12 iliyojaa hutulia kwenye takriban 12.6, ikifika 12.0 chaji imebaki kidogo sana. Mimi naweka ikate kwenye 12.2. Kadi ya memori iwe ile ya kurekodi mfululizo, maana za kawaida huchoka mapema.

Na kabla ya kulipa, omba kamera iwashwe na iwekwe kwenye hali ya kupaki. Gonga meza iliyokalia kwa kiganja, kisha pita mbele yake taratibu. Halafu mwambie muuzaji akufungulie faili zilizohifadhiwa, uone kama lako lipo na limeanzia wapi.