Ziara ya kiwanda cha jibini Reggio Emilia, Italia: nyota tatu na nusu

Mpwa wangu anayesoma Bologna aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. "Shangazi, amka, wakimaliza kupika hutaona kitu." Alikuwa sahihi. Jibini ya Parmigiano Reggiano hupikwa asubuhi, kila siku ya Mungu, hata Krismasi. Anayejikokota akafika saa sita mchana anaonyeshwa sakafu iliyooshwa na watu wanaovua mabuti.

Mimi ni mfugaji wa Muheza, nina ng'ombe sita, na mwaka wa kumi na tatu huu nipo kwenye ushirika wa maziwa. Sikwenda kupiga picha. Kiwanda chenyewe sikitaji jina kwa sababu nina lawama mbele. Ni cha ushirika, kipo mashambani nje ya mji wa Reggio Emilia, na kiingilio ni euro 20 kwa kichwa.

Tulipanda treni ya mkoa kutoka Bologna. Nchi ni tambarare mpaka macho yanachoka: mto Po uko kaskazini, milima ya Apennini kusini, na katikati mashamba na mabanda, vyote vimemezwa na ukungu wa Novemba. Reli inaambatana na Via Emilia, barabara waliyoijenga Warumi mwaka 187 KK kutoka Rimini hadi Piacenza, na miji bado imetungwa juu yake kama shanga: Bologna, Modena, Reggio, Parma. Karibu na Modena mpwa wangu alininyooshea kidole upande wa Maranello, kwa Ferrari. Niliona ukungu.

Kiwandani ndiko pesa yangu ilikolipa. Maziwa ya jioni hulazwa kwenye masinia mapana usiku kucha, malai inapanda juu inaenguliwa, kisha asubuhi yanachanganywa na maziwa mazima ya alfajiri. Yanaingia kwenye masufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Wanatia maji ya jibini waliyobakiza jana, kama tunavyobakiza mtindi wa jana kuwa mbegu, halafu kigandishi kitokacho tumbo la ndama. (Hapo Waislamu wenzangu kila mtu amuulize sheikh wake. Mimi nilikula.) Ndani ya dakika kumi hivi yameganda. Wanayavunjavunja mpaka yawe kama punje za mchele, wanapandisha moto hadi nyuzi 55. Mpishi, mzee wa makamo mwenye mikono myekundu, alikuwa akichota punje, anazikamua kiganjani, anazinusa, anarudisha. Kipimajoto kilikuwepo ukutani. Sikumwona akikitazama.

Baadaye donge zima linainuliwa kutoka chini kwa kitambaa cha kitani na kukatwa nusu mbili. Hao wanawaita mapacha. Wanakaa siku kama ishirini kwenye maji ya chumvi, kisha wanapanda rafuni.

Rafu hizo sitazisahau. Zinakwenda hadi darini, magurudumu ya jibini juu ya magurudumu, na harufu kama ya karanga na zizi safi. Gurudumu moja ni kama kilo 40, limekula maziwa lita 550 hivi. Nikapiga hesabu palepale: ng'ombe wangu wakinipa lita 60 kwa siku, gurudumu moja ni siku tisa za kuamka usiku. Halafu unaliweka mwaka mzima kwa uchache, mara nyingi miwili, bila kuliuza. Likifika miezi 12 wanakuja wakaguzi na kinyundo, wanaligonga huku wametega sikio, kama tunavyogonga fenesi. Likilia vizuri linapigwa muhuri wa moto. Likilia vibaya, alama za jina zinafutwa kwenye ganda.

Nikauliza swali ambalo wageni wengine hawakulijali: mfugaji anakula nini miaka hiyo miwili? Yule dada muongozaji akajibu vizuri, nampa haki yake. Ushirika humpa malipo ya awali, na benki ya Credito Emiliano tangu mwaka 1953 hupokea magurudumu kuwa dhamana ya mkopo, inayahifadhi kwenye ghala lake yenyewe yakiendelea kukomaa. Dhamana inayopanda thamani ikiwa rafuni! Mimi nilipoomba mkopo wa mashine ya kukatia majani niliulizwa hati ya nyumba.

Sasa lawama. Tulikuwa watu 26, na muongozaji alisema Kiitaliano na Kiingereza kwa mkupuo mmoja bila kuvuta pumzi. Zizi hatukupelekwa, ingawa tangazo lilisema "kuanzia kwa ng'ombe." Nilitaka kuona chakula chao, maana sileji (majani yaliyovundikwa) ni marufuku kabisa kwa maziwa haya, wanalishwa majani, hei (majani makavu) na alfalfa kwa wingi. Kwangu bila sileji kiangazi hakivuki. Nilichopata ni kumwona kwa dirishani Mpunjabi mwenye kilemba akisukuma toroli. Mpwa wangu anasema Wapunjabi ni wengi kwenye mazizi ya huku, na Novellara, hapohapo mkoani Reggio, wana hekalu lao. Ningependa kuongea naye kuliko kuangalia video ya dakika kumi na tano tuliyowekewa.

Meza ya kuonja ndiyo iliyonikera zaidi. Vipande vitatu vya jibini, vyembamba kama kucha, vimezungukwa na nyama ya nguruwe. Hakuna aliyetuuliza tulipolipia. Pembeni palikuwa na kikapu cha mandazi, mandazi kabisa, yenye pembe nne, yamevimba, ya moto. Nimeshalishika moja mpwa akanidaka mkono: "Shangazi, hayo yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe!" Wanayaita gnocco fritto. Kumbe hata yale maji ya jibini yanayobaki, nguruwe wa nyama ya Parma hulishwa hayo. Basi tukaenda kula mjini tortelli, vifuko vya tambi vyenye mboga za majani, na mezani wakatuachia bakuli la jibini iliyokunwa tujinyunyizie tunavyotaka. Kwa hiyo njooni na njaa, lakini msiitegemee meza ya kiwanda.

Dukani kwao nilinunua kilo moja ya miezi 24 kwa euro 19, imefungwa kwa plastiki iliyonyonywa hewa. Ilifika Muheza salama. Ina chengachenga kama za chumvi, lakini si chumvi, na ladha yake inakaa kinywani mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Mwenyekiti wa ushirika wetu alionja, akanyamaza, akachukua cha pili, akauliza kilo shilingi ngapi. Nikamwambia zaidi ya elfu hamsini. Akakirudisha sahanini.