Kitabu cha Negri kuhusu Spinoza: nyota nne, ya tano imekwenda na gundi

Basi kimefika. Nilikiagiza kwa wauzaji fulani wa vitabu vya mitumba Nairobi, wakasema siku tatu, kikala siku tisa, basi mpaka Mokowe halafu boti mpaka hapa Lamu, na kukifungua tu karatasi za mwanzo zikanibakia mkononi, gundi imekauka kabisa. Kuwapigia, naambiwa eti vitabu vya zamani ndivyo vilivyo. Haya.

Sasa chenyewe. The Savage Anomaly, cha Mtaliano Antonio Negri, alikiandika akiwa jela kikatoka 1981, yangu ni tafsiri ya Kiingereza ya 1991. Ni Mmaksi, yaani mfuasi wa Karl Marx, anamsoma Spinoza, yule mwanafalsafa Myahudi wa Amsterdam aliyetengwa na jamaa zake 1656 akiwa na miaka 23 tu, baadae akawa anasugua lenzi. Mmaksi anamtakia nini? Manake Wamaksi wa Ufaransa miaka ya 60, kina Althusser, walishachoka na mwanafalsafa Mjerumani Hegel, ile habari yake kwamba historia ina safari yake na lazima ifike pahala, wakaona kwa Spinoza hakuna mwisho uliopangwa, kuna asili tu na sisi tumo ndani yake.

Utamu uko hapa. Spinoza ana maneno mawili ya Kilatini, potentia na potestas, Kiingereza nacho kina moja tu, power, mfasiri maskini ikabidi moja aliandike kwa herufi ndogo na jingine kwa herufi kubwa, ukisoma na usingizi ushapotea. Sisi je? Uwezo na mamlaka, kwisha! Jana jioni nilikuwa gatini wachukuzi wanashusha saruji jahazini, mkono kwa mkono, hakuna anayemwamrisha mwenziwe, nikasema huo ndio uwezo, mara akaja bwana na kitabu cha risiti, nikasema na hiyo ndiyo mamlaka, na bila wale wachukuzi hana cha kukatia risiti. Negri kurasa mia mbili anazunguka hapo hapo.

Pale anaponikera ni jinsi anavyoupamba umma, hao wenye huo uwezo, kama bibi harusi. Mwaka 1672 umma huo huo uliwaua ndugu wawili kina de Witt, viongozi wa Uholanzi, barabarani mjini The Hague, na Spinoza alikuwa anaishi mji huo huo, hakupenda hata kidogo. Alafu hiyo demokrasia ya Spinoza yenyewe, mzee alikufa 1677 sura ya demokrasia kwenye kitabu chake cha siasa ndo kwanza inaanza, na hicho kidogo alichokiandika kinawatoa nje wanawake na watumishi. Nilimsomea dada yangu akacheka, akasema kumbe ni mmoja wa wazee wa barazani kwetu.

Kama hujawahi kumgusa Spinoza usianze na hiki, anza na kile kidogo cha Mfaransa Balibar kuhusu Spinoza, yeye anakubali kwamba umma unaogopa na pia unaogopesha.

Changu nimempa fundi viatu akishone, kasema nipite Alhamisi.