Mafunzo ya kumuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani: uzoefu wangu

Mama alipatwa na kiharusi Machi 2022, upande wa kulia ukapooza na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Siku tuliporuhusiwa kutoka wodini nilikabidhiwa dawa na tarehe ya kurudi kliniki, lakini hakuna aliyenionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kwa wiki tatu nilimwinua kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa kuwa ndio uliokuwa upande wangu wa kitanda, hadi akawa anakunja uso kila nikimsogelea.

Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyenielekeza kwenye mafunzo ya bure ya Jumamosi sita kwa watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Mkufunzi wetu, mtaalamu wa fiziotherapia, hakutumia kitanda cha hospitali chenye kupanda na kushuka. Alifundishia kwenye kitanda cha mbao kama tulivyo navyo majumbani. Alitandika kanga iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi mapajani mwa mshiriki aliyejilaza kama mgonjwa, akatuonyesha jinsi watu wawili wanavyoshika pindo zake na kumsogeza bila kuugusa mkono wake. Alieleza kwamba misuli inayolishikilia bega huwa imelegea baada ya kiharusi, hivyo anayeuvuta mkono huo anaweza kulitegua bega lenyewe. Niliposikia hayo nilishindwa kuyazuia machozi, kwa sababu nilielewa nilichokuwa nikimfanyia mama yangu.

Tulijifunza pia kwamba katika kumvisha nguo, mkono uliopooza hutangulia, na katika kumvua huwa wa mwisho. Mama alikuwa akipaliwa na maji kila mara; nilifundishwa kumketisha wima, kumpa kidogo kidogo kinywaji kilichofanywa kizito kama mtaalamu alivyoelekeza, kukagua shavu la upande uliopooza kama kuna chakula kilichobaki, na kumwacha ameketi angalau dakika 30 baada ya kula. Kuhusu vidonda vya kulalia, tuliambiwa tumgeuze mgonjwa kila baada ya saa 2 na kumwangalia nyonga, visigino na mwisho wa uti wa mgongo. Jumamosi ile ile ya kwanza nilirudi nyumbani nikatumia kanga. Mama alinitazama, akatafuta neno kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hujaniumiza, mwanangu."

Kasoro kubwa ni kwamba mafunzo yalidhani kila mmoja wetu ana mtu wa kumwachia mgonjwa. Kina mama wawili waliacha kuja kwa sababu hiyo, nao ndio waliokuwa wakiuguza peke yao. Kungekuwa na mtu mmoja wa kukaa na wagonjwa hao kwa saa chache, naamini wangemaliza. Kipindi kilichohusu hali ya anayeuguza kilipewa saa moja tu, na humo mzee mmoja aliuliza kama ni dhambi kutamani usiku mmoja wa kulala bila kuamshwa. Swali lake lilistahili Jumamosi nzima. Simu za kutufuatilia baada ya mafunzo zilipigwa mara mbili, zikakoma.

Sikuelezwa lolote kuhusu kazi pia, na nilijitafutia mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataja likizo ya siku zisizopungua 4 kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Kwa mzazi, kifungu hicho kinataja kifo tu, si ugonjwa. Nilimuuguza mama kwa kutumia likizo yangu ya mwaka hadi ikaisha.

Pamoja na hayo, ninawasihi wenye wagonjwa wa kiharusi waende, tena wasiende peke yao. Mimi nilimchukua kaka yangu kuanzia Jumamosi ya tatu, ijapokuwa awali alisema kumgeuza na kumwogesha mama ni kazi ya binti. Sasa zamu ya saa nane usiku ni yake, na kanga anaikunja vizuri kuniliko.