Duka la Biblia huku mjini: mzee anaijua kazi, ila risiti isomeni

Kama unatafuta Biblia ya Kikatoliki hapa Mombasa usizunguke sana, kuna duka dogo la vitabu vya dini nyuma ya barabara ya Nkrumah, jina siliweki manake nina malalamiko pia na sitaki kesi. Nlikuwa namtafutia mtoto wa dada yangu Biblia ya kipaimara. Kwengine ukiuliza unapewa yoyote tu, "Biblia ni Biblia dada", ukifika nyumbani unakuta vitabu 66, Tobiti hakuna, Makabayo hakuna, na katekista anataka ile ya 73.

Hapa mzee wa kaunta alinifungulia mbili za kuonyesha kwenye orodha ya vitabu akapitisha kidole, Tobiti, Yudithi, Makabayo viwili (cha pili ndo kile chenye kuombea marehemu), Hekima, Sira, Baruku. Jamaa mmoja mlokole aliyekuwa pembeni anachagua vitabu vya nyimbo akadakia, ati hivyo Roma iliviongeza kwenye mkutano mkuu wa maaskofu kule Trento 1546. Mzee hakupandisha sauti wala nini, akamwambia mwanangu, Trento walitia muhuri tu, orodha hiyo maaskofu walishaipitisha kwenye mkutano wa Karthago 397, na Luther mwenyewe, yule aliyeanzisha Uprotestanti, kwenye Biblia yake ya 1534 alivichapa, ila alivitenga akasema vyafaa kusomwa lakini si sawa na Maandiko. Jamaa naye si mjinga, akarudisha kwamba hata Jeromu, yule mtakatifu aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alivitilia shaka kwa vile havimo kwenye Biblia ya Kiebrania. Mzee akakubali, hilo kweli.

Mi naona hata hawakuwa wanabishania vitabu saba. Jamaa anataka Maandiko peke yake yawe hakimu na kanisa lenyewe lihukumiwe nayo, mzee anamuuliza sasa nani alokwambia Maandiko ni yapi kama si kanisa, na kwa Wakatoliki Mapokeo, yaani mafundisho yaliyopokewa tangu mitume, yanakaa palepale na Biblia. Hapo ukiingia hutoki leo, na mi nlikuwa na tuktuk inangoja.

Malalamiko sasa. Biblia zimefungwa nailoni, ukishafungua hairudishwi, na hiyo wameiandika kwa viherufi nyuma ya risiti, nani anasoma huko? Kulipa kwa simu pia kulisumbua mpaka nkatoa keshi. Lakini Biblia yenyewe maandishi makubwa, karatasi si ile ya kupasuka ukigeuza, na bei nafuu kuliko kwengine nlikouliza. Nyota nne. Jumamosi wanafunga mapema, nendeni asubuhi.